Mkaa, mtungi au luku: gesi joto za nyumba ya Dar zinatokea wapi hasa?

Ukitaka kuona watu wanakaribia kushikana mashati mtandaoni, uliza tu swali la kupikia. Atatokea mmoja aseme gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya ardhini, inachafua vilevile, bora mkaa maana miti inaota tena. Atakuja wa pili na picha ya pori lililokatwa, aseme mkaa ndo unaotumaliza. Wa tatu atawacheka wote wawili, atasema nyie mmeachwa, siku hizi kuna Bwawa la Nyerere, pika na umeme, safi kabisa, hamna moshi. Mimi naona wote watatu wana ukweli nusu nusu, na kinachowakwamisha ni kitu kimoja, wote wanaangalia jikoni. Sehemu kubwa ya gesi joto za nyumba ya Dar, yaani zile gesi zinazopasha dunia joto, haitokei jikoni kabisa, inatokea porini huko Rufiji na Kilosa, inatokea kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, na siku hizi inatokea pia kwenye ile mashine inayoning'inia ukutani nje ya dirisha la chumba cha kulala.

Tuanze na ukubwa wa jiji. Sensa ya 2002 ilikuta Dar ina watu kama milioni 2.5, ya 2012 ikakuta milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, na hapo hujagusa Kibaha wala Vikindu ambako watu wanalala Pwani ila maisha yao yote yako Dar. Vitabuni wanatufundisha kwamba watu wakihamia mjini na kipato kikipanda wanaacha kuni, wanaenda mkaa, wakitoka mkaa wanaenda gesi na umeme, kama vile wanapanda ngazi. Dar ilifanya kinyume. Benki ya Dunia kwenye ripoti yake ya 2009 ilionyesha kaya za Dar zinazotumia mkaa zilikuwa 47% mwaka 2001, kufika 2007 zikawa 71%, na jiji hili peke yake lilikuwa linameza kama nusu ya mkaa wote wa nchi. Afu mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, lengo ni kukomesha wale waliokuwa wanachakachua dizeli, na kweli uchakachuaji ulipigwa, lakini na lile jiko la mchina la utambi likawa mzigo, watu wakazidi kwenda kwenye mkaa.

Marufuku nayo ilishajaribiwa. 2006 serikali ilizuia biashara ya mkaa, bei zikaruka na marufuku yenyewe haikudumu hata mwezi. Huwezi kuwaambia mamilioni ya watu wasipike leo jioni.

Sasa hebu tuufuate huo mkaa mpaka unakotoka, maana hapo ndo kuna hesabu ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Mchoma mkaa wa Kisarawe au Kilosa anakata miti, anaikatakata magogo, anayapanga, anafunika kwa majani, juu yake anamwaga udongo, anaacha matundu machache ya hewa, anawasha. Siku za mwanzo unatoka moshi mweupe mzito, huo mwingi ni maji yaliyokuwa kwenye mti. Baadaye unageuka wa njano njano, unaokaba koo. Mwishoni unakuwa mwembamba wa bluu, hapo anajua mkaa umeiva. Muda wote huo halali vizuri, maana udongo ukipasuka mahali hewa ikaingia nyingi, asubuhi atakuta jivu. Kwa tanuri hili la asili anahitaji magogo kati ya kilo 5 na kilo 10 kupata kilo moja tu ya mkaa, na kama mti ulikuwa mbichi ndo inakuwa mbaya zaidi.

Tuchukue kilo 7. Mti uliokauka kwa hewa, kama 45% ya uzito wake ni kaboni, kwa hiyo kwenye kilo 7 kuna kilo 3 na kidogo za kaboni. Kilo moja ya mkaa unaoingia Dar ina kaboni kama robo tatu ya kilo. Hiyo nyingine yote iko wapi? Imeshaondoka na ule moshi. Yaani kabla mama hajawasha jiko lake Mbagala, karibu robo tatu ya kaboni ya ule mti imeshapaa angani huko porini, na tukimwambia abadilishe jiko tunaongelea ile robo iliyobaki. Jiko banifu lina faida yake, sisemi halina, linampunguzia mkaa anaonunua na kila kilo asiyonunua inaokoa kilo 7 za magogo. Lakini mtu akikwambia tatizo la mkaa ni jiko la mama, muulize na tanuri je.

Halafu ule moshi wa tanuri sio hewa ukaa (CO2) peke yake. Kwa sababu ndani hewa ni kidogo, mti hauungui vizuri, unatoa methani. Vipimo vilivyofanywa kwenye matanuri ya udongo Kenya na kwingineko vinaonyesha gramu 30 mpaka 60 za methani kwa kila kilo ya mkaa. Unaweza kuona ni kidogo, ila methani kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Familia inayotumia kilo moja na nusu ya mkaa kwa siku, kwa mwaka inamaliza kama kilo 550. Methani ya tanuri peke yake hapo, ukiigeuza kuwa hewa ukaa, ni kati ya kilo 460 na 920. Sasa weka pembeni familia inayotumia mtungi wa kilo 15 kila mwezi, ambayo ni matumizi ya kutojibana, kwa mwaka ni kilo 180, na kila kilo ya gesi ikiungua inatoa kama kilo 3 za hewa ukaa, jumla 540. Umeona? Methani ya porini tu, bila kugusa kabisa swali la miti kuota au kutoota, tayari inalingana na moshi wote wa mtungi wa mwaka mzima. Ndo maana mimi yule anayesema gesi na mkaa ni yale yale simwelewi.

Hapo hapo kwenye gesi kuna kitu kingine watu wanachanganya kila siku. Wengi wanaamini gesi ya mtungi ni ile ya Mtwara, wanauliza mbona tuna gesi yetu wenyewe na mtungi bado unauzwa bei hiyo. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya mtungi ni propani na butani, inapatikana mafuta ghafi yakisafishwa na gesi asilia ikichambuliwa, na sisi tunaileta kwa meli kutoka nje, kwa hiyo dola ikipanda na mtungi unapanda. Ya visima vya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani, inakuja Dar kwa bomba, na nyingi inaishia kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Nyumba zilizounganishwa moja kwa moja na hilo bomba ni chache, kuna za Mikocheni. Na hili bomba likivuja kiwandani au mtaani, kinachotoka ni ileile methani ya mara 28, tofauti na propani ya mtungi ambayo yenyewe ikivuja hatari yake kubwa ni kuunguza nyumba.

Turudi kwa miti, maana hoja ya "inaota tena" sio ya kupuuza. Miti mingi ya miombo ukiikata inachipua kutoka kwenye kisiki, na pori likiachwa kwa muda wa kutosha linarudi, na linaporudi linavuta tena hewa ukaa ileile. Kilosa kulikuwa na mradi ulioanza 2012, vijiji vikagawa msitu wao vipande vya mita 50 kwa 50, wanavuna kipande kimoja wanaruka kingine, kwa mzunguko wa miaka 24. Mkaa wa namna hiyo na mkaa wa mtu aliyekata kila kitu halafu nyuma yake akaja mkulima wa ufuta kulima moja kwa moja, ukiufikisha kwenye banda la Tandale unafanana kila kitu, gunia lilelile, bei ileile, ila mbele ya hesabu ni vitu viwili tofauti. Na hapa tuwe wakweli, mara nyingi anayelimaliza pori ni jembe, mkaa unapita mle mle na kubebeshwa lawama yote.

Kwa hiyo swali linakuwa, katika mti uliokatwa ni sehemu gani haitarudi? Utafiti mkubwa wa 2015 uliopima dunia nzima ulisema kati ya 27% na 34% ya kuni na mkaa ndio iliyovunwa kupita uwezo wa misitu kurudi, ingawa Afrika Mashariki ilikuwa kati ya sehemu zenye hali mbaya zaidi. Lakini kwenye vitabu vya mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuuza hewa ukaa, Tanzania iliwekewa 96%. Sasa irudie ile familia yetu ya kilo 550. Ukisema miti yote inarudi, deni lake linabaki kwenye methani, kati ya nusu tani na karibu tani moja. Ukisema theluthi moja hairudi, unafika tani 2 na nusu au zaidi. Ukisema hairudi karibu yote, unavuka tani 6. Familia ni hiyo hiyo, jiko ni hilo hilo, maharage ni yale yale.

Hii sio ishu ya wasomi kugombana tu, kuna hela humo. Kampuni ikigawa majiko banifu inauza hewa ukaa "iliyookolewa" kwa mashirika ya Ulaya na Marekani, na kadri unavyosema miti hairudi ndo unavyouza tani nyingi kwa jiko moja. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Annelise Gill-Wiehl, walichapisha utafiti kwamba miradi ya majiko waliyoipima ilikuwa imejihesabia karibu mara 9 ya kile ilichookoa kweli. Mojawapo ya sababu ni hiyo asilimia ya miti, nyingine ni kudhani kila aliyepewa jiko analitumia kila siku na lile la zamani ameshalitupa. Nani anatupa jiko?

Na hesabu ya jiji lenyewe ina utata wake. Kwa kanuni za kimataifa, hewa ukaa inayotoka kwenye mkaa unaoungua Dar haijumlishwi kwenye hesabu kuu ya nishati, inaandikwa pembeni, kwa sababu upotevu wa mti unatakiwa uhesabiwe kule ulikokatwa. Kwa hiyo Dar inakula mkaa, deni linaandikwa Pwani na Morogoro. Kanuni ina mantiki yake, inazuia mti mmoja kuhesabiwa mara mbili, ila ukisoma jedwali la jiji bila kujua hilo utadhani mkaa hauna neno kabisa na tatizo la Dar ni magari tu.

Umeme sasa. Mpaka 2023 zaidi ya nusu ya umeme wetu ulikuwa unatoka kwenye gesi asilia, Ubungo, Kinyerezi na kwingineko, na mwingine mwingi kwenye maji ya kina Kidatu, Mtera na Kihansi, ambayo mvua ikikosa na yenyewe yanakosa, watu wanakumbuka mgao wa 2006, 2011 na ule wa mwishoni mwa 2022. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, ukaanza kuzalisha, iko mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mizani ikageuka, maji yakawa mengi kuliko gesi.

Hilo linabadilisha jibu la kupikia umeme. Familia ile ile ikipika kwa umeme tuseme uniti 100 kwa mwezi. Uniti ya umeme wa gesi inatoa kama nusu kilo ya hewa ukaa, kwa hiyo kama umeme wote ungekuwa wa gesi, kwa mwaka ni kilo 600, yaani hujamshinda mwenye mtungi, unaweza hata kumzidi kidogo. Ikiwa theluthi mbili ni maji, unashuka mpaka 200. Mpishi hajabadilisha kitu, kilichobadilika kiko Rufiji. Bwawa nalo sio safi kwa 100%, sehemu za joto kama kwetu majani na miti iliyozama inaoza chini ya maji inatoa methani, hasa miaka ya mwanzo, lakini bado huwezi kulilinganisha na tanuri.

Halafu kuna umeme na umeme. Maharage kwenye koili ya kawaida ni kujitafutia ugomvi na luku, ila kwenye jiko la presha la umeme yanaiva kwa chini ya uniti moja, kwa sababu lile limefungwa, joto halitoki, likishafika presha linazima lenyewe linawaka kidogo kidogo. Uniti ni kama shilingi 357 kwa mteja wa kawaida. Weka pembeni mkaa wa kuchemshia maharage hayo hayo kwa saa 2 na nusu, utaona mwenyewe, na bado kuna watu wanaamini umeme ndo ghali.

Mbona basi watu hawahami? Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka 80% ya Watanzania wawe wameshahamia kufika 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Mitungi midogo imegawiwa mingi sana. Tatizo linakuja gesi ikiisha. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya elfu 20 kwa mkupuo, na mtu anayepata hela kwa siku hana elfu 20 siku ya Jumanne, ana buku, na buku linanunua kopo la mkaa pale pale gengeni. Kwa mwezi analipa zaidi, anajua, sio mjinga, ila hela yake inakuja vipande vipande. Ndo maana zile mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu zilipoanza Dar niliona zimegusa penyewe, kuliko mtungi wa bure unaokaa chini ya meza umefunikwa kitambaa.

Na kwenye umeme kizuizi ni nyumba za kupanga. Vyumba 8, luku moja. Kila mwezi mnachangishana, kila mwezi kuna kikao cha nani ana friji, nani pasi, nani anaacha feni inazunguka mchana kutwa yeye yuko kazini. Mwenye nyumba kashaandika kwa chokaa ukutani MARUFUKU KUPIKIA UMEME. Hapo umlete mtu na jiko la presha la umeme umwambie linakula uniti chini ya moja, nani atamwamini, wenzake wataona tu mpangaji wa chumba namba 5 anapika kwa luku ya wote. Hata mwenye luku yake peke yake, kama yuko kwenye ile tarifa ya chini ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, akianza kupikia anaivuka na anahamishiwa bei ya juu, karibu mara 3 kwa kila uniti, hata zile za taa. Tunamwambia ahamie umeme, na akihama tunampandishia bei. Kwangu mimi kurekebisha hilo kungesaidia kuliko semina 100.

Kwa hiyo kinachotokea kwenye nyumba nyingi ni mchanganyiko, chai na mayai kwa gesi asubuhi, maharage na makande kwa mkaa, wali wa wageni kwa chochote kilichopo. Kwenye takwimu huyu anaandikwa anatumia gesi.

La mwisho ni lile ambalo kwenye mijadala ya nishati safi halitajwi kabisa, AC. Ukipita Goba, Mbezi Beach, Kigamboni, nyumba mpya inajengwa matundu ya AC yameshaachwa ukutani, na Dar ya Januari kila mtu anaelewa kwa nini. AC ya chumba kimoja ikiwaka usiku mzima inakula kama uniti 6, kwa mwezi 180, karibu mara mbili ya familia inayopikia umeme kila kitu. Na inawaka jioni na usiku, wakati jiji zima linahitaji umeme, na jua halipo la kusaidia.

Ila umeme sio ubaya wake mkubwa. Ndani ya ile mashine kuna gesi ya kupoozea kama kilo moja hivi. Nyingi zilizopo mjini zina R-22 au R-410A. Kilo moja ya R-410A ikitoka nje inapasha dunia joto sawa na tani 2 za hewa ukaa, yaani ukirudi kwenye hesabu yetu ni karibu miaka 4 ya kupikia mtungi wa kilo 15 kila mwezi. R-22 ni tani 1.8, na yenyewe inakula tabaka la ozoni juu yake. Mpya nyingi zinakuja na R-32, kilo moja ni kama 0.7 ya tani, theluthi ya ile, na imeandikwa kwenye kibandiko pembeni ya mashine ya nje, kwa hiyo dukani uliza, usiangalie tu rangi na rimoti. Na ikianza kutopooza, fundi akija akasema "bosi gesi imeisha, naongeza", jua ile gesi haiishi kama mafuta ya gari, inazunguka humo humo miaka yote, kama imepungua kuna sehemu inavuja. Mwambie atafute tundu kwanza alizibe ndo ajaze, la sivyo miezi michache mbele atarudi kukujazia tena, na wewe utakuwa umelipia tani 2 nyingine kwenda hewani.